Sahani ya Saa Kumi na Mbili

Inspekta Jamilah alikuwa na kanuni moja. Ndiyo iliyompandisha cheo, ndiyo iliyompa cheti kilichotundikwa nyuma ya kiti chake, na ndiyo iliyokuja kumvunja mgongo. Kanuni yenyewe ilikuwa fupi: polisi waseme kwanza. Likitokea jambo lolote kati ya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lori likipinduka, duka likivunjwa, mtu akifa mikononi mwa askari, basi kabla saa nzima haijapita taarifa ya polisi iwe imeshafika redioni. Ukichelewa, aliwaambia watu wake, raia watajiandikia habari zao kwenye simu, na wewe utabaki kukanusha mpaka sauti ikukauke.

Watu wake walikuwa watatu tu, kwa mkoa mzima. Ivan, konstebo kijana mwenye vidole vyepesi, alishika kompyuta na kundi la simu la waandishi wa habari. Phiona, mwenye sauti ya kubembeleza, alirekodi taarifa za redioni. Sajini Natale, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alizitafsiri kwa Kilugbara na Kikakwa na kunung'unika juu ya viungo vyake. Walikaa chumba kimoja mjini Arua, wakiwa na kompyuta mbili nzima na moja mgonjwa, na Jamilah aliwapenda watu hao kuliko alivyowahi kuwaambia.

Shida ilikuwa vituo vidogo. Askari wa huko walituma habari nusunusu: jina lipo, mahali hakuna, mahali papo, saa hakuna. Jamilah akachoka. Akakaa na Phiona siku mbili wakatengeneza fomu ya kujaza kwenye simu, yenye nafasi kumi na nne, na akaifanya iwe kali kama mwalimu wa hesabu: ukiacha nafasi moja tupu, fomu haiendi. Akazunguka nayo kituo kwa kituo. Kule Koboko, mbele ya wakuu wa vituo waliokuwa wameshakunywa soda na kuanza kuchungulia mlango, alisema maneno ambayo leo angelipa chochote kuyarudisha kinywani.

"Msingoje jambo liishe ndipo mniambie. Likianza kunuka tu, jazeni fomu, mniletee. Kungoja ni kazi yangu."

Wakacheka, wakapiga makofi. Na kweli, mwanzoni alingoja. Kila fomu ilikaa mezani kwake mpaka apige simu mwenyewe, aulize, aridhike, ndipo agonge muhuri. Lakini kazi zilimzidi, akaanza kuitwa huku na huko, na siku moja akiwa mlangoni na mkoba begani akamwambia Ivan, "Nikiwa sipo, ukiona fomu imekamilika, itoe." Hakuandika popote. Alisema tu, akaondoka.

Jumanne moja ya mwezi wa nane Jamilah alikuwa Vurra, mpakani, akiwatembeza waandishi katikati ya malori yaliyopanga foleni kungoja forodha. Simu ikalia saa kumi na nusu jioni. Alikuwa Ivan, na furaha ilimjaa hadi alikuwa anakata maneno.

"Afande, taarifa ya kituo cha Ambiya, Koboko, nimeitoa. Mshukiwa wa mafuta ya magendo. Siku anakamatwa alikuwa anawakimbia askari, akaanguka na pikipiki, na amefariki leo saa kumi. Fomu imeingia saa kumi na robo, na mimi nimeitoa kwa dakika kumi na moja! Hatujawahi kufika hapo."

"Jina lake?"

"Muzamili. Muzamili Tahiru."

Lori likapiga honi. Koboko ina akina Muzamili wa kujaza msikiti, na akina Tahiru hawahesabiki. Jamilah alibana simu kwa bega ili amwoneshe mpiga picha mahali pa kusimama.

"Safi sana, Ivan," akasema.

Usiku ule dada yake alimpigia simu akilia, akamwambia ni Muzamili yupi. Alikuwa mtoto wa Mama Sadiya, jirani yao wa tangu enzi, ukuta kwa ukuta. Mama Sadiya ndiye aliyemfundisha Jamilah kusuka kawa za rangi za kufunikia sahani, kama wasukavyo wanawake wa Kinubi wote wa pale. Mama Sadiya ndiye aliyemlisha miezi mitatu, wakati mama yake amelazwa hospitali. Na Muzamili alikuwa kitoto kinachotambaa wakati Jamilah anavaa sare za shule. Alikua akawa muuza petroli ya chupa kando ya barabara, mpole, mwenye kucheka ovyo.

Jamilah akalia. Kisha akafanya jambo la aibu, na tuliseme kama lilivyo: hakwenda mazikoni. Alituma mchele na sukari, akasema kazi imembana. Aliijua vizuri ile sentensi ya kuanguka na pikipiki. Kwa miaka minne alikuwa ameipiga pasi mara kadhaa kwa mikono yake, akiondoa kasoro, na hakuwahi kumuuliza mtu pikipiki yenyewe iko wapi.

Siku ya tisa, asubuhi, Sajini Natale alichungulia mlangoni.

"Afande, iko mama moja hapa nje. Anasema ametoka Koboko. Amekataa kukaa."

Mama Sadiya aliingia na kitambaa cheusi kichwani, mkononi kashika kawa, nyekundu na manjano, iliyochakaa kingo. Jamilah aliinuka upesi hata kiti kikagonga ukuta na cheti kikapinda.

"Salaam aleikum, mtoto yangu."

"Aleikum salaam, Mama. Mama, nisamehe, sikuja..."

"Wacha. Mimi hapana kuja kulia. Kulia nimelia Koboko. Mimi iko na swali moja tu."

Phiona alitaka kutoka, lakini Mama Sadiya alimzuia kwa mkono. Alikaa, akaiweka kawa magotini, akaanza kusema polepole.

"Ile siku asubuhi mimi nilipeleka chakula kwa Ambiya. Saa sita nikapeleka tena. Askari wa kaunta anasema, onja kwanza, mama, tuone haina sumu. Kila siku ni hivyo. Mimi naonja mbele yake, anachukua, sahani inarudi tupu. Sahani ikirudi tupu mimi najua mtoto iko mzima. Chakula ya jioni wao wanakubali saa kumi na mbili. Basi mimi iko napika. Gurusa na maharagi ya simsim, vile yeye anapenda. Redio iko karibu na moto. Saa kumi na moja redio inasema, Muzamili amekufa leo saa kumi. Ilikuwa sauti ya huyu binti."

Phiona aliinamisha kichwa.

"Mimi nikatoa sufuria kwa moto. Nikamwaga. Mutu ya kufa hapana kula. Nikakaa chini, watu wakaja, tukaanza kilio. Hapana kwenda Ambiya tena. Asubuhi tukaenda hospitali kuchukua maiti."

Akaipapasa kawa.

"Sasa juzi Pitia ametoka. Ule kijana ya Kakwa, walikuwa na Muzamili chumba moja kule Ambiya. Ameniletea hii kawa, ilibaki ndani tangu saa sita. Pitia anasema saa kumi na mbili Muzamili iko hai. Amelala chini, tumbo inamuuma, lakini iko anaongea. Anauliza, mama amefika? Sahani imefika? Pitia anamwambia, bado. Saa moja anauliza tena. Anasema, mama hapana kunisahau, labda mvua imemshika. Saa mbili anauliza. Halafu akanyamaza."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja.

"Swali yangu ni hii, Jamilah. Nani anasema kweli? Redio ama Pitia? Wewe ndiye mkubwa ya mambo hii. Niambie ilikuwa saa kumi ama hapana."

Jamilah alipiga magoti mbele yake, yeye na sare yake.

"Sijui, Mama. Wallahi sijui. Lakini nitatafuta ukweli, na nikiupata nitausema redioni kwa sauti yangu mwenyewe, kipindi kilekile ulichosikia. Ijumaa. Nakuahidi."

Mama Sadiya alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaufunga. Alimtazama Jamilah kwa muda mrefu, akainuka, akachukua kawa yake. Hakusema asante. Jamilah alidhani ni uchungu.

Mama Sadiya alipoondoka, Jamilah alimpigia mkuu wa kituo cha Ambiya. Mtu yule hakuwa mjeuri. Laiti angekuwa mjeuri! Aliongea kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari ambalo alidhani amepata zote.

"Saa kumi ilikuwa makadirio, afande. Fomu ilikataa kwenda bila saa ya kifo. Na kijana alikuwa anatapika damu tangu saa nane, kila mtu aliona hafiki jioni. Nikajaza mapema, kama ulivyotufundisha. Nilijua wewe utaishika mpaka nithibitishe."

"Kwa nini alikuwa anatapika damu?"

"Afande, si unajua... vijana walimhoji."

"Hospitali je?"

"Gari lilikuja. Saa kumi na moja lilikuwa limeshawashwa, tumeshafungua mlango wa nyuma. Halafu tukasikia redio ya kaunta inasema amekufa. Tukatazamana. Tutamfikishaje hospitali mtu ambaye polisi wenyewe wametangaza amekufa? Tungeiaibisha ofisi yako, afande. Tukazima gari. Tukaona tungoje."

"Mngoje nini?"

"Tungoje iwe kweli."

Jamilah alikata simu. Alikaa akitazama nafasi ile ya kumi na moja kwenye fomu yake, saa ya kifo, ambayo aliipigania mwenyewe, maana Phiona alitaka iachwe hiari. Baada ya hapo alimpigia Margaret, mhudumu wa chumba cha maiti cha hospitali ya Koboko, waliyesoma naye sekondari, akamwomba asome kitabu chake.

"Saa nne kasorobo usiku," Margaret alisema. "Namkumbuka. Mwili ulikuwa bado una joto, dada. Nilishangaa, kwa sababu jioni nilikuwa nimeshamsikia redioni."

Basi ikawa hivyo. Askari wa Ambiya walimpiga, lakini gari lilikuwa limewashwa. Aliyelizima gari ni taarifa, na taarifa ilikuwa yake.

Aliandika masahihisho ya mistari sita na kumpelekea mkuu wake, Afande Aliga, mtu mzima mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi. Aliga alisoma mara mbili, akaiweka karatasi mezani taratibu, uso chini.

"Jamilah, taarifa haisahihishwi. Taarifa inasahauliwa. Baada ya wiki mbili nani atakumbuka saa?"

"Mama yake, afande."

"Sikiliza. Ukisoma hii, watauliza kwanza nani aliitoa bila muhuri. Jina lililo kwenye kompyuta ni la Ivan. Siyo lako. Wewe ulikuwa Vurra, hata kwenye picha upo. Hao wa Ambiya watasema walituma rasimu, na watakuwa wamesema kweli."

"Mimi ndiye niliyemruhusu."

"Kwa maandishi?"

Jamilah aliigeuza karatasi yake, uso juu.

"Basi," Aliga alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Mke wa Ivan amejifungua lini? Mwezi uliopita? Ijumaa nenda nyumbani kapumzike."

Ivan alikuwa mezani pake. Ukutani, juu ya kompyuta yake, alikuwa amebandika karatasi yenye namba kumi na moja, zile dakika zake, kwa kalamu nene, na chini yake Phiona alikuwa amechora jua dogo linalocheka. Jamilah alivuta kiti akakaa karibu naye, akamweleza yote bila kupunguza. Nilisema kwamba aliwapenda watu wake. Lakini upendo haukumpa njia ya kulisema jambo lile likawa jepesi.

"Alikuwa hai nilipobonyeza?" Ivan aliuliza.

"Alikuwa hai."

"Na gari lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

Ivan alibandua karatasi ile, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidonge, akaiweka mfukoni. Mikono yake myepesi sasa ilikuwa haijui pa kukaa.

"Nikisoma, watakufukuza," Jamilah alisema. "Pengine watakushtaki. Nitasema ni mimi, lakini sijui kama watanisikia. Ukiniambia nisisome, sisomi."

Tuseme ukweli, alitamani Ivan aseme asisome. Alijichukia kwa kutamani hivyo, na bado alitamani.

"Yule mama ameuliza?"

"Ameuliza."

"Basi soma, afande." Alitoka nje. Natale alimfuata, na kupitia dirishani Jamilah aliwaona wamesimama kando ya tangi la maji, mzee akimshika kijana begani.

Ijumaa Jamilah aliingia Koboko saa tisa alasiri. Kituo cha redio kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Latifu, mtangazaji, alikuwa anapanga karatasi za matangazo ya vifo, maana kipindi cha saa kumi na moja huanza na wafu, kisha polisi, kisha bei za sokoni. Alimkaribisha kwa heshima, akaisoma ile karatasi, na heshima ikageuka hofu.

"Afande, muhuri uko wapi?"

"Hakuna muhuri."

"Wewe mwenyewe ulitukalisha hapa ukatufundisha. Karatasi ya polisi bila muhuri ni uvumi. Nimeandika kwenye ukuta, tazama."

Kweli ilikuwa imeandikwa, kwa rangi ya bluu, na jina lake chini.

"Basi nitaisoma kama tangazo la kifo," Jamilah alisema. "Tangazo la kifo halitaki muhuri."

"Linataka jina la ndugu anayetangaza."

Alichukua kalamu akaandika jina lake, na mbele yake akaandika: mtoto wa jirani. Latifu alijipangusa paji la uso. Saa kumi na moja ilipofika alisoma wafu watatu wa siku hiyo, kisha akamsukumia kipaza sauti.

"Jumanne ya wiki iliyopita," Jamilah alisoma, "polisi tulitangaza kwamba Muzamili Tahiru alifariki saa kumi jioni baada ya kuanguka na pikipiki. Siyo kweli. Hakuanguka. Alipigwa akiwa mahabusu. Saa kumi alikuwa hai. Saa kumi na mbili alikuwa hai, na saa mbili usiku alikuwa hai. Alifariki karibu saa tatu, katika kituo cha Ambiya, bila kupelekwa hospitali, kwa sababu sisi tulikuwa tumeshasema amekufa. Aliyeagiza taarifa zitoke kwa haraka ni mimi, Jamilah, msemaji wa polisi. Namwomba radhi mama yake."

Latifu alirudia kwa Kikakwa. Simu ya Jamilah ilikuwa inawaka mezani, jina la Aliga likija na kwenda. Aliizima. Aliposhuka ngazi alihisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi kwa miaka, na akatembea kuelekea mtaa wao wa zamani karibu akikimbia, kama mtu anayepeleka dawa.

Langoni alikutana na Sadiya, dada mkubwa wa marehemu.

"Umefanya nini wewe?" Sadiya aliuliza.

Uani wanawake saba au wanane walikuwa wamekaa mkekani. Redio ilikuwa juu ya kigoda, bado ikitaja bei ya mihogo, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuizima. Mama Sadiya alikuwa jikoni, kwenye kibanda kilicho wazi, anageuza gurusa, mikate myembamba ya Kinubi, juu ya kikaango, moja baada ya nyingine. Hakuinua macho.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Ndiyo, Mama. Nimesema kweli yote. Kama nilivyokuahidi."

"Mimi nilikuja Arua ili wewe uniambie Pitia ni muongo."

Jamilah alisimama palepale.

"Nilitoka hapa asubuhi, nikafika kwako, nikasema, huyu ni mtoto yangu, nilimlisha, huyu ataniambia, Mama, ilikuwa saa kumi, redio ilisema sawa. Mimi ningekuamini. Ningekuamini hata kama macho yako inasema ingine. Siku ile redio imesema saa kumi mimi nililia, lakini nikasema, basi, hapana kuumwa tena, hapana njaa, hapana kuningoja. Nikalala na hiyo. Halafu Pitia amekuja na kawa. Nikasema, nitaenda kwa Jamilah, yeye atanirudishia saa kumi yangu."

Aligeuza gurusa. Ilikuwa imeungua upande mmoja.

"Wewe ni polisi. Kudanganya ni kazi yako. Koboko nzima umedanganya, Arua umedanganya. Mimi peke yangu ndiyo umeshindwa?"

Hakuna mwanamke aliyesema "nyamaza, Mama", wala "ni mapenzi ya Mungu". Jamilah aliona kwamba mara mbili mama huyu alikuwa amekaa karibu na redio ile, na mara zote mbili ni yeye Jamilah aliyemwua mwanawe humo. Mara ya kwanza alimwua upesi. Leo alimwua polepole, huku mtoto akimwita mama yake.

Mama Sadiya alitandaza gurusa kwenye sahani ya bati, akachota maharagwe ya simsim akamwagia juu. Akafunika na ile kawa nyekundu na manjano. Kisha akainuka, akaja mpaka alipo Jamilah, akamtilia sahani mikononi.

"Saa kumi na mbili imefika. Mpelekee."

"Mama..."

"Wewe ndiye umenizuia siku ile. Nenda wewe. Mimi miguu imekataa."

Jamilah alienda. Angefanya nini? Sahani ilikuwa ya moto ikimchoma viganja, na hakuihamisha. Ambiya ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na njia nzima watu waliomjua waliacha kumsalimia wakawa wanamtazama tu. Wapo waliosema kwa sauti, polisi wamemwua mara mbili. Hakugeuka.

Kaunta ya kituo ilikuwa na konstebo mmoja, binti mdogo mgeni, ambaye dhahiri hakuwa amesikia redio. Alipoona sare aliruka akasimama, akapiga saluti.

"Karibu, afande. Chakula ya nani?"

"Ya Muzamili Tahiru."

Binti yule alifungua kitabu cha mahabusu, akashusha kidole ukurasa mzima, akageuza wa nyuma, akashusha tena.

"Huyu hayuko, afande. Iko imeandikwa hapa. Amefariki saa kumi."

Jamilah alifunua kawa. Hakuna aliyemwambia aonje, maana afande haambiwi. Alikata kipande cha gurusa kwa vidole, akachovya kwenye maharagwe, akala mbele ya kaunta, akameza. Kisha akaisukuma sahani upande wa konstebo, akaenda kukaa kwenye benchi wanalokaa akina mama, akaishika kawa magotini na kungoja sahani irudi.